Mama anaposema hajala tangu jana



Yapo maneno matatu ambayo yamezivuruga nyumba nyingi katika jamii yetu: "Sijala tangu jana." Huyatamka mama mzee aliyeketi barazani, akimwambia jirani aliyepita kumjulia hali. Jirani anahuzunika, anampigia simu mtoto wa kiume aliyeko kazini. Mtoto anarejea na hasira zake, anamkabili mkewe. Mke anaapa kwamba asubuhi alimpa mama uji, na mchana wali kwa samaki, na sahani bado ziko kwenye karai hazijaoshwa. Nani atamwamini? Mama mtu mzima, aliyelea na kusomesha, atasemaje uongo? Mawifi wanaitwa, kikao kinawekwa, na mara nyingine ndoa iliyodumu miaka mingi hutikisika kwa sababu ya sahani moja ya wali.

Jambo lisilowajia wengi akilini ni kwamba huenda wote wawili wanasema kweli. Mke amempa mama chakula, na mama hakumbuki kuwa amekula. Hakuna mwongo katika nyumba hiyo, yumo mgonjwa. Sisi tunaopokea mashauri ya kifamilia misikitini tunaziona kesi za namna hii, na ndiyo maana tumeona safu yetu wiki hii iyazungumzie maradhi ya dimenshia, na hasa ule ugonjwa mkubwa miongoni mwake unaoitwa Alzheimer.

Si uzee tu, wala si uchawi

Kwanza tuutofautishe usahaulifu wa kawaida na maradhi. Kila mwenye umri mkubwa hupungukiwa na wepesi wa kukumbuka. Mzee anayesahau alipoiweka miwani yake, kisha akaitafuta na kuipata, huyo ana usahaulifu wa kawaida. Mzee anayeiweka miwani ndani ya kopo la sukari, kisha akashikilia kwamba mjukuu ameiiba, huyo anahitaji kutazamwa. Kusahau jina la mgeni si maradhi. Kupotea njia ya msikitini ambayo umeipita kwa miaka arobaini ni dalili.

Dalili nyingine ni kuuliza swali lile lile mara kumi ndani ya saa moja, kutojua siku wala majira, kuchanganya usiku na mchana, kushindwa kuhesabu chenji dukani, na kushindwa kazi ambayo mtu aliifanya maisha yake yote. Mama aliyepika pilau za harusi za mtaa mzima anasimama jikoni hajui kipi kinatangulia, kitunguu au mchele. Tabia nayo hubadilika. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa mchangamfu anajitenga, aliyewaamini watu anamdhania kila mtu kuwa ni mwizi. Dalili hizi zikijikusanya, zikaendelea kwa miezi na kuyaharibu maisha ya kila siku, hayo si mambo ya uzee tu. Ni maradhi ya ubongo.

Katika nchi yetu jambo hili lina hatari ya ziada. Mgonjwa wa dimenshia huamka usiku wa manane, akafungua mlango na kutoka, pengine akiwa hana nguo za kutosha, akizungumza peke yake huku akitafuta nyumba aliyoishi utotoni. Anayemkuta huko hasemi kwamba huyu ni mgonjwa, husema anawanga. Sote tunajua kwamba wapo bibi zetu waliouawa katika baadhi ya mikoa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Kwa hiyo kuyafahamu maradhi haya si anasa ya wasomi, bali ni kuhifadhi damu isiyo na hatia.

Wapo pia wanaosema kuwa ni majini, na wapo wanaosema kuwa ni adhabu ya madhambi ya ujanani. Qur'an katika Suratun Nahl, aya ya 70, imeitaja hali ya mwanadamu kufikishwa katika umri ambao elimu aliyokuwa nayo humtoka, na Mtume (saw) alikuwa akiomba kinga kwa Allah asirejeshwe kwenye umri huo. Hali ambayo mbora wa viumbe aliiombea kinga haiwezi kufanywa kipimo cha uovu wa mtu. Dua na kisomo ni haki ya mgonjwa, na hatumzuii mtu kumsomea mzazi wake. Tunalolikataza ni kisomo kugeuzwa sababu ya kutompeleka hospitali.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Dimenshia ni jina la mkusanyiko wa dalili, kama vile "homa" ilivyo dalili ya maradhi mengi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hiyo duniani, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi tusidanganyane kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa wakazi wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ulionyesha kwamba zaidi ya watu sita katika kila mia moja walikuwa nayo.

Alzheimer ndio unaochukua sehemu kubwa, kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Jina hilo ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alianza kumfuatilia mwanamke mmoja aitwaye Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kumshuku mumewe pasipo sababu. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini na kukuta mabaki yaliyoganda baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mabaki hayo leo yanajulikana kuwa ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi hizo ni za protini iitwayo tau. Seli zilizozongwa nazo hudhoofika na kufa, na ubongo hunywea.

Uharibifu huo kwa kawaida huanzia sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea na kuhifadhi habari mpya. Hapa ndipo tunapolipata jibu la lile fumbo la sahani ya wali. Mama anaikumbuka harusi yake, nani alikuja na nani hakuja, kwa sababu habari hizo zilihifadhiwa zamani, ubongo ukiwa na afya. Chakula cha mchana hakukihifadhi kabisa. Hawezi kukumbuka kile ambacho ubongo wake haukukiandika. Kumwambia "jaribu kukumbuka" ni sawa na kumtaka mtu asome karatasi isiyoandikwa kitu.

Ipo dimenshia itokanayo na mishipa ya damu. Hii huwapata zaidi wenye shinikizo la damu, kisukari na waliowahi kupata kiharusi, kwani damu huzuilika kufika katika baadhi ya sehemu za ubongo. Mara nyingi hushuka kama mtu ashukaye ngazi: hali inatulia, kisha inaporomoka ghafla, kisha inatulia tena. Ipo nyingine inayoitwa kwa jina la mtaalamu Lewy, ambayo mgonjwa huona watu au wanyama wasiokuwepo, na viungo vyake hukakamaa. Huyu ndiye anayewahiwa kwa waganga, kwa kuwa anasema ameona watoto wamekaa kitandani kwake. Nyingine huanzia sehemu ya mbele ya ubongo na kuondoa haya na busara kabla ya kuondoa kumbukumbu, na aghalabu huwapata watu ambao hawajafika miaka 65. Wapo pia wenye aina mbili kwa pamoja.

Hospitali kwanza

Sababu kubwa ya kumuwahisha mzee hospitali ni kwamba yapo maradhi yanayofanana na dimenshia ambayo yana tiba. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inapofanya kazi chini ya kiwango, sonona, kaswende ya muda mrefu, virusi vya Ukimwi, maji yaliyojaa ndani ya ubongo, na damu iliyovujia chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka wiki kadhaa zilizopita, yote haya huweza kuvuruga akili. Vivyo hivyo baadhi ya dawa, hasa za usingizi na baadhi ya zile za mzio na mafua zinazoleta usingizi. Mzee anayeambiwa "ameshazeeka" pengine alihitaji sindano za vitamini tu.

Aidha, tuzingatie kasi. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi, kisha leo hajui alipo, hiyo ni dharura. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka au kiharusi. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Anayempeleka mzee hospitali awe ni yule anayeishi naye, wala si mtoto mwenye gari aliyekuja kwa siku mbili. Aandike kabla: dalili zilianza lini, zimebadilikaje, mzee anatumia dawa gani, aliwahi kuanguka au la. Achukue na pakiti za dawa zote. Daktari atauliza maswali, atapima damu, na ikibidi ataagiza picha ya ubongo katika hospitali ya rufaa. Mzee asiyejua kusoma naye hupimika. Watafiti wa Hai walitumia kipimo ambacho sehemu yake ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, jambo lisilohitaji shule.

Tiba ipo kiasi gani?

Ni amana kwetu kusema ukweli. Hadi sasa haijapatikana dawa inayoponya Alzheimer. Zipo dawa kama donepezili, rivastigmini, galantamini na memantini, ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kupata nafuu ya dalili kwa muda. Katika miaka ya karibuni zimepitishwa huko Marekani dawa mbili mpya zitolewazo kwa dripu, lekanemabu mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024. Hizi huyaondoa mabaki ya amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa ukiwa katika hatua za mwanzo. Hazirudishi kilichopotea, ni ghali mno, na zinahitaji picha za ubongo za mara kwa mara kwa kuwa zinaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu ndani ya ubongo. Kwa hiyo ajaye mlangoni na chupa ya "dawa ya kurudisha kumbukumbu" kwa siku saba, msimpe fedha zenu.

Hata hivyo, kukosekana kwa dawa ya kuponya si kukosekana kwa msaada. Huko huko Hai wazee wenye dimenshia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono kwa utaratibu maalumu, na uwezo wao wa akili ulionekana kuimarika. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji watu na muda.

Kwa sisi ambao bado hatujafika huko, kinga ipo kwa kiasi kikubwa. Jopo la wataalamu waliochapisha ripoti yao katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 walikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene, uvutaji wa sigara, ulevi, kutofanya mazoezi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke, elimu duni ya utotoni, na kupungua kwa usikivu na uoni. Basi kijana wa bodaboda na avae kofia yake ngumu. Mwenye presha asiache dawa kwa kuwa amejisikia vizuri. Mzee asiyesikia atafutiwe kifaa cha kusaidia masikio, na mwenye mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji.

Kuishi na mgonjwa

Turudi nyumbani. Mama akisema hajala, asiambiwe "umekula sasa hivi, umesahau tu." Kwake yeye hiyo ni tuhuma ya uongo. Aambiwe, "Chakula kinakuja, mama," apewe kipande cha papai au nusu kikombe cha chai, kisha ashughulishwe na jambo jingine. Baadhi ya familia huiacha sahani yake mezani kwa muda baada ya kula ili aione mwenyewe. Akisema jioni kwamba anataka kurudi kwao, na ilhali yuko kwake, asibishiwe. Aulizwe habari za huko kwao, atembezwe kidogo uani, kisha arudishwe ndani. Saa za jioni ndizo ngumu zaidi kwa wagonjwa wengi, hivyo taa iwashwe mapema na kelele zipunguzwe.

Siku iwe na utaratibu usiobadilika. Hapa Muislamu ana neema, kwani adhana tano zimeshaigawa siku. Asomewe Qur'an, au awekewe redio, kwa kuwa yale aliyoyahifadhi utotoni hudumu kuliko mengine. Si ajabu mzee aliyeyasahau majina ya wanawe akaifuatisha Suratul Faatiha bila kukosea. Namba ya simu ya familia ishonwe kwenye pindo la kanzu au gauni lake. Majirani, mwenye duka na muadhini waambiwe waziwazi kwamba mzee wetu ni mgonjwa na akionekana peke yake arudishwe. Visu, mafuta ya taa, dawa na kisima vidhibitiwe. Kumfunga kamba, kumfungia chumbani kutwa nzima au kumpa vidonge vya usingizi bila daktari ni dhulma, hata ikifanywa kwa nia ya kumlinda.

Tuongeze tahadhari moja. Tuliposema kuwa mzee huenda amesahau, hatukusema malalamiko yake yapuuzwe. Wapo wazee wanaonyimwa chakula kweli na wanaopigwa kweli. Njia ya uadilifu ni kuthibitisha kwa utulivu: tazameni uzito wake, ngozi yake na nguo zake, na ulizeni zaidi ya mtu mmoja. Asihukumiwe mkwe kwa neno moja, wala asipuuzwe mzee kwa jina la ugonjwa.

Ibada, mali na talaka

Maswali haya huletwa msikitini mara kwa mara. Akili ni sharti la taklifu, na aliyeondokewa na akili kalamu imenyanyuliwa kwake. Mzee aliyefika hatua ya kutojua swala ni nini hana dhambi ya kuiacha, na watoto wasimkemee. Akiwa bado anajua ila huchanganya rakaa, wapo wanazuoni walioruhusu mtu akae pembeni yake na kumkumbusha. Anayezinduka na kupotewa kwa zamu atazamwe kwa hali yake ya wakati huo, na sheikh aulizwe.

Mali yake inabaki kuwa ni yake. Kidole gumba kilichochovywa wino na kubandikwa kwenye karatasi ya kuuza shamba, hali mwenye kidole hajui anachokiuza, hakihalalishi mauzo hayo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi zaka ya mali yake haiondoki, na msimamizi wake ndiye huitoa. Ama talaka, mume mgonjwa anaweza kuitamka kwa hasira ya kushuku jambo lisilokuwepo. Talaka ya asiye na akili haipiti, lakini kuamua kwamba wakati ule hakuwa na akili si kazi ya mawifi. Ni ya kadhi, kwa ushahidi wa daktari na wa nyumba. Kwa sababu hiyo, ugonjwa unapogundulika mapema, mzee mwenyewe akiwa bado anaelewa, aandike wasia wake, ataje madeni na amana zake, na aseme ni nani anataka amsimamie.

Mlezi naye ni amana

Katika nyumba zetu mzigo wote humwangukia mwanamke mmoja, ama binti asiyeolewa ama mke wa mtoto. Haulali usiku wake, halipwi, na jirani akija huulizwa yeye kwa nini mama amekonda. Suratul Israai imewaamrisha watoto wema kwa wazazi wanaofikia uzee. Amri hiyo imewaelekea watoto wote, na haikutumwa kwa mkwe peke yake huku wao wakituma salamu. Kaka aliyeko mbali alipie msaidizi, dada aliye karibu achukue zamu ya usiku wa Ijumaa na Jumamosi, wajukuu wakae na bibi saa za jioni. Mlezi apate kulala, apate kwenda kwao, na apate kusikia neno la shukurani.

Kwa kamati za misikiti tunapendekeza jambo jepesi. Ijumaa hii tazameni safu za mbele, mhesabu ni mzee gani aliyekuwa haikosi swala na sasa miezi imepita haonekani. Tumeni watu wawili wakamjulie hali, mmoja azungumze na mzee, na mwenzake azungumze na anayemlea.

Wabillahi tawfiq.